Nafasi ya mzazi katika tiba ya kigugumizi cha watoto

KIGUGUMIZI aghalabu huanza mtoto akiwa kati ya umri wa miaka miwili na mitano, anapojifunza kuunganisha maneno. Watoto wengi hupona wenyewe, lakini ni vigumu kubashiri ni yupi atakayesalia nacho. Ndiposa wataalamu wa usemi huwashirikisha wazazi mapema.

Mfano mashuhuri ni mpango wa Lidcombe, ulioasisiwa jijini Sydney, Australia, katika miaka ya 1980. Mzazi na mtoto humwona mtaalamu mara moja kwa wiki, naye humfunza mzazi namna ya kuendeleza tiba nyumbani.

Kila siku mzazi hutenga dakika 10 hadi 15 za mchezo au mazungumzo. Mtoto akinena bila kukwama, husifiwa. Akikwama, mzazi hulitaja jambo hilo kwa upole, tena mara chache tu, au humwomba alirudie neno. Kisha hukipa kigugumizi cha siku hiyo alama kulingana na ukali wake, ili mtaalamu apime maendeleo.

Katika utafiti wa New Zealand uliochapishwa mwaka wa 2005 na kuhusisha watoto 54, kigugumizi kilipungua kwa asilimia 77 miongoni mwa waliofuata mpango huo, na asilimia 43 kwa wenzao ambao hawakuufuata.

Hata hivyo, mzazi hashauriwi kuanza bila mtaalamu. Masahihisho yakikithiri, mtoto huenda akaogopa kusema. Karipio na kejeli hazimo kabisa katika tiba hii.