Wafungwa wa Maisha katika Kisiwa cha Robben

Tarehe 12 Juni 1964 mahakama ya Pretoria, Afrika Kusini, iliwahukumu watu wanane kifungo cha maisha katika kesi ya Rivonia. Saba, akiwamo Nelson Mandela, walipelekwa Kisiwa cha Robben. Wa nane, Denis Goldberg, aliwekwa gerezani Pretoria kwa kuwa alikuwa Mzungu. Ubaguzi uliamua hata mahali pa kufungwa.

Kisiwani kila mmoja alifungiwa chumba chake, akalala mkekani sakafuni. Tangu 1965 walichimba chokaa. Wafungwa waligawanywa katika madaraja manne, nao walianzia la chini kabisa, D: barua moja na mgeni mmoja kwa miezi sita. Hivyo, kwa mtu asiye na tarehe ya kutoka, neno la jamaa lilifanywa tuzo ya utii.

Hata hivyo, machimboni walifundishana. Twaona, basi, kwamba kifungo cha maisha hakipimwi kwa kuta tu, bali pia kwa matumaini anayoachiwa mfungwa. Nasi wachungaji, tuagizwao na Waebrania 13:3, tujiulize: ni mfungwa gani anayengoja barua yetu?