Bob-Lo: Bustani ya Burudani Iliyoishi kwa Meli Zake
Mto Detroit unapokaribia kumwaga maji yake katika Ziwa Erie, unakizunguka kisiwa kidogo cha Kanada ambacho Wafaransa walikiita Bois Blanc, yaani mti mweupe, na ambacho wakazi wa Detroit, jiji la Marekani lililo umbali wa kilomita 29 hivi, walizoea kukiita Bob-Lo. Kuanzia 1898 hadi 1993 kisiwa hicho kilikuwa na bustani ya burudani, yaani uwanja wa mashine za kupanda na michezo ya kulipia, ambayo maisha yake yalitegemea meli zilizowavusha wageni.

Mwanzilishi wake ilikuwa kampuni ya vivuko ya Detroit, iliyohitaji mahali pa kuwapeleka abiria wake wakati wa kiangazi. Mhandisi Frank Kirby aliisanifia meli mbili za mvuke, Columbia ya 1902 na Ste. Claire ya 1910, zenye sitaha za kuchezea dansi, hivyo starehe ilianza mara meli ilipong'oa nanga, na safari yenyewe ikawa nusu ya kile ambacho watu walikilipia. Kisiwani nako kulijengwa ukumbi mkubwa wa dansi kwa fedha za Henry Ford, mwenye viwanda vya magari.

Hata hivyo, aliyeimiliki njia pekee ya kufika alikuwa na uwezo wa kumzuia amtakaye. Mnamo Juni 1945, Sarah Elizabeth Ray, Mmarekani mweusi aliyekuwa akisafiri na wanafunzi wenzake wa ukatibu, aliteremshwa kutoka Columbia kwa sababu ya rangi yake, naye hakunyamaza. Kampuni ilipotiwa hatiani kwa sheria ya haki za kiraia ya Michigan, ilikata rufaa ikidai kwamba safari ya kwenda Kanada ni biashara ya nje isiyohusu sheria za jimbo. Lakini mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupa hoja hiyo, kwa kuwa kisiwa hicho, ijapokuwa kilikuwa katika nchi ya kigeni, kwa hali halisi kilikuwa kiungo cha Detroit.

Familia ya Browning, iliyoinunua bustani mwaka 1949, iliipanua kwa mashine mpya na wanyama wa maonyesho, lakini baada ya 1979 bustani ilipita mikononi mwa wamiliki mbalimbali, huku meli kuukuu zikizidi kuwa ghali kuzitunza. Zilipoacha kuwavusha wageni mwaka 1991, bustani ilidumu miaka miwili tu. Mashine zikauzwa, na nyumba za makazi zikajengwa. Ste. Claire iliungua mwaka 2018, ilhali Columbia ilinusurika. Wanaoitunza wanastahili shukrani, na kumbukumbu wanayoihifadhi itakuwa pungufu ikiwa itaeleza dansi za sitahani bila kumtaja mwanamke aliyeshushwa humo na ambaye ujasiri wake uliwafungulia wengine njia.