Mkono wa Mwongozaji na Hatima ya Filamu: Kisa cha Superman II

Swali la jinsi msururu wa filamu za mashujaa ungekuwa chini ya mwongozaji mwingine kwa kawaida huachiwa wapiga ramli. Superman II ni miongoni mwa visa vichache ambapo historia yenyewe imetoa jibu.

Mwaka 1977 Richard Donner alianza kupiga picha za filamu mbili za kwanza za Superman kwa pamoja. Ya kwanza ilipotoka mwaka 1978, sehemu kubwa ya ile ya pili ilikuwa imekwisha kupigwa. Hata hivyo, watayarishaji waliokuwa wakizozana naye walimwondoa, wakamkabidhi Richard Lester kazi hiyo. Toleo la Lester lilianza kuonyeshwa mwaka 1980. La Donner, lililoundwa kutokana na picha zilizohifadhiwa, lilitoka mwaka 2006.

Tofauti zake ni za msingi. Kwa Donner, shujaa huongozwa na baba yake, aliyeigizwa na Marlon Brando. Kwa Lester, nafasi hiyo hushikwa na mama, kwa kuwa mgogoro wa malipo ulimwondoa Brando. Donner aliegemea uzito wa ngano za kale, Lester, ucheshi.

Kwa hiyo, sura ya filamu haikuamuliwa na kipaji cha mwongozaji pekee, bali pia na mikataba. Ushahidi wa hayo ungepotea kama mikanda isingetunzwa. Sera ya filamu isiyolinda picha zilizoachwa nje huwanyima watafiti wa kesho nusu ya historia.