Kuchagua pedali ya sauti kwa kinanda cha kanisa

Pedali ya sauti huongeza na kupunguza sauti ya kinanda polepole, mikono ikiendelea kupiga, ili waimbaji wasifunikwe. Si ile ya kurefusha noti, ambayo kwa kawaida huwasha na kuzima tu.

Kwanza tafuteni nyuma ya kinanda tundu lililoandikwa EXPRESSION. Jeki ya pedali hiyo, ya milimita 6,35, ina pete mbili nyeusi. Ya kurefusha noti kwa kawaida ina moja.

Yamaha FC7 na Roland EV-5 zina mpangilio tofauti wa nyaya. Isiyolingana na kinanda haitapandisha sauti vizuri. M-Audio EX-P ina swichi ya kubadili mpangilio.

Fedha ni sadaka ya waamini: pelekeni kinanda dukani, mkajaribu kabla ya kulipa.