Kuhamisha

Mpe mwanafunzi wa sekondari v = u + at (v ni mwendokasi wa mwisho, u wa mwanzo, a mchapuko, t muda), umwambie atafute t. Atakachokwambia ni hiki: "Hamisha u, badilisha alama." Neno hili limeota mizizi madarasani, nami nalipinga kwa moyo wote, kwa sababu katika mlinganyo hakuna kinachohama. Tunatoa u pande zote mbili, tunabaki na v − u = at. Kisha tunagawanya pande zote kwa a.

Aliyezoea kuhamisha huihamisha na a vilevile, akaandika t = v − u − a. Hapo ametoa mchapuko kwenye mwendokasi, vitu ambavyo hata vizio vyake havilingani. Ukimuuliza kwa nini, atakujibu kwamba amebadilisha alama kama alivyofundishwa.

Al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra Baghdad karne ya 9, alikiita kwa maneno mawili: al-jabr na al-muqabala. Hilo la pili, lenye shina moja na "mkabala" wetu, lilihusu kupunguza vinavyofanana pande zote mbili. Pande mbili zinatazamana, na kinachotendeka huku hutendeka na kule.

Chukua jiwe linalobembea kwenye uzi: T = 2π√(l/g), ambapo T ni muda wa kwenda na kurudi, l urefu wa uzi, na g mchapuko wa mvutano wa dunia. Ukitafuta g, hicho kipeuo utakihamishia wapi? Pandisha pande zote kipeo cha pili, zidisha zote kwa g, gawanya zote kwa T², upate g = 4π²l/T². Kwa uzi wa mita 1, ambao hubembea kwenda na kurudi kwa takriban sekunde 2, jibu linakaribia 9.8 m/s².