Namna ya kusoma katuni za ukoloni: jitu, twiga na kipande cha Usambara

Katuni za zamani kuhusu ukoloni husambaa sana kwenye simu, na wengi wetu hucheka kisha tukapita. Michoro hiyo ilikuwa silaha ya kusifia ukoloni au kuupinga. Tuangalie miwili.

Jitu la Rhodes

Mwaka 1892 jarida la Punch la Uingereza lilitoa mchoro wa Edward Linley Sambourne. Cecil Rhodes, tajiri wa madini na mwanasiasa, amesimama juu ya Afrika, mguu mmoja Cairo na mwingine Cape Town. Mikononi ameshika waya wa telegrafu, begani ana bunduki. Kinachochorwa kikubwa ndicho chenye nguvu. Lakini tazama bara lililo chini yake: halina mtu hata mmoja.

Twiga wa gwaride

Mwaka 1904 Mjerumani Thomas Theodor Heine alichora katika jarida la Simplicissimus akilinganisha wakoloni wa nchi nne. Mwingereza anamkamua Mwafrika kwa mashine mpaka atoe fedha. Mjerumani anafundisha twiga kupiga gwaride. Heine aliwakejeli wenzake kwa kupenda amri kupita kiasi. Tujiulize: kwa nini kwa Mwingereza anaumia mtu, na kwa Mjerumani wanasumbuliwa twiga tu?

Hapa Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal wakati huo, mambo hayakuwa gwaride la twiga. Kodi ya nyumba iliyoanza 1898 ilikwisha kuwasukuma watu kutafuta fedha mashambani kwa walowezi. Mwaka 1907 kikaja kipande: mwanamume wa Usambara Magharibi alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi siku 30 katika kila miezi 4, kwa ujira uliopangwa. Asiyetimiza aliweza kupelekwa kwenye kazi za serikali. Shamba lake mwenyewe lilimsubiri.

Maswali manne ya kujiuliza

1. Nani amechora, na kwa wasomaji gani?
2. Nani amechorwa mkubwa, nani mdogo?
3. Mnyama au chombo kilichochorwa kinasimama badala ya nini?
4. Nani hayumo kabisa?

Swali la nne tusiliruke. Heine aliwapinga wakubwa wa nchi yake, lakini hata yeye hakumchora aliyebeba mzigo Usambara. Habari za huyo tunazipata kwa wazee wetu na kwenye kumbukumbu za kipande.