Mzinga wa Gatling na Punje za Mahindi

Leo twataka kuwaeleza habari za mzinga mmoja wa kale uliozungushwa kwa mkono, na jinsi tulivyotengeneza mfano wake kwa mbao na mianzi katika kiwanda chetu kidogo cha nyumbani. Msiogope, maana mfano wetu haupigi baruti. Tulitaka tu wanafunzi wetu wa ualimu waone kwa macho jambo walilolisoma kitabuni wasilifahamu.

Aliyeuvumbua mzinga huo ni Richard Gatling, aliyezaliwa mwaka 1818 katika jimbo la North Carolina, Marekani. Baba yake alikuwa mkulima, na mwana alipenda vyombo tangu ujana. Mwaka 1844 alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake wa mashine ya kupandia mbegu. Kisha aliugua ndui, na baada ya kupona akasomea udaktari, akahitimu mwaka 1850.

Mwaka 1861 Wamarekani walianza kupigana wao kwa wao. Gatling alikuwa akikaa mji wa Indianapolis. Huko aliona askari wakienda vitani, na wengine wakirudishwa wagonjwa, majeruhi au maiti. Akatambua ya kuwa walio wengi waliuawa na maradhi, si risasi. Basi, kama alivyoeleza mwenyewe katika barua ya mwaka 1877, alifikiri hivi: mtu mmoja akipata chombo cha kufanya kazi ya watu mia, majeshi makubwa hayatahitajiwa tena, na watakaokufa watapungua. Tarehe 4 Novemba 1862 akapata hati ya mzinga wake.

Sasa tutazame ulivyofanya kazi. Kasiba sita zilipangwa kuzunguka mhimili mmoja, na nyuma palikuwa na mkono wa kuzungushia. Risasi ziliwekwa katika sanduku lililo juu, zikashuka kwa uzito wake zenyewe, moja baada ya moja. Kasiba moja ilipokuwa ikipiga, nyingine zilikuwa zikijazwa au zikipoa. Kwa njia hiyo mzinga uliweza kupiga kama risasi 200 kwa dakika moja, na kasiba isipate moto kupita kiasi.

Sisi tulichukua vipande sita vya mwanzi badala ya kasiba, na nyuma yake tukaweka gogo la mviringo lenye matundu sita. Badala ya risasi tulitia punje za mahindi. Mara ya kwanza punje zilishuka mbili mbili, gogo likakwama. Tukaupunguza mlango wa sanduku, tukazungusha tena. Punje zikatoka moja moja, zikaanguka chini kwa safu. Mwanafunzi mmoja akasema, “Mwalimu, huu si mzinga, ni chombo cha kupandia mahindi.” Wenzake wakacheka. Lakini sisi hatukucheka, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Mkono ule ule uliowafundisha watu kudondosha mbegu kwa kipimo ndio uliowafundisha kudondosha risasi kwa kipimo.

Je, matumaini ya Gatling yalitimia? Jeshi la Marekani liliukubali mzinga huo mwaka 1866, baada ya vita vile kwisha. Mataifa mengine nayo yakaununua. Tarehe 4 Julai 1879, huko Ulundi, Waingereza walikuwa na mizinga ya Gatling walipopigana na Wazulu. Wazulu wengi waliuawa, na upande wa Waingereza waliouawa hawakufika 20. Baadaye Hiram Maxim akatengeneza bombomu isiyohitaji kuzungushwa kwa mkono, na mwaka 1905 watu wetu wa Maji Maji walikutana na silaha za namna hiyo kule Mahenge. Gatling alikufa mwaka 1903. Miaka kumi na mmoja baadaye ilianza Vita Kuu, na majeshi hayakupungua, bali yalizidi kuliko yote yaliyopata kuonekana. Hata baada ya mwaka 1945 mafundi waliyarudia mawazo yake, wakatengeneza mzinga wa ndege wenye kasiba sita, upigao risasi 6,000 kwa dakika.

Kosa lake halikuwa katika chuma wala katika hesabu ya meno ya gurudumu. Alidhani ya kuwa mkubwa akipata chombo cha kufanya kazi ya watu mia, atawaachia wale wengine tisini na tisa warudi makwao. Wakubwa hawakufanya hivyo. Kila mmoja wa wale mia alipewa chombo chake.

Mfano wetu sasa umewekwa juu ya kabati darasani, na sandukuni mwake mngali na punje chache. Kila mwaka wanafunzi wapya huuliza ni chombo gani. Sisi huwapa mkono wauzungushe kwanza, ndipo tuwaeleze.